Ndege Iliyooshwa Kabla ya Kukatwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa kwetu Bagara hatujambo, mama yako Upendo anakusalimu, na mahindi yameanza kubeba.

Unawacheka wazee wa huko Ulaya wanaolilia ndege ya doria ya jeshi inayokatwa kuwa chuma chakavu, na unaniuliza wanalilia nini. Hata mimi niliwahi kucheka.

Mkoa wetu ulipokuwa mpya, ndege ya namna hiyo ilikuwa imeharibikia hapa Babati na kukaa miaka mingi. Niliandika gazetini kwa ukali kwamba ikatwe, tupate sufuria. Siku ya kuikata nilikwenda kushangilia, nikamkuta Mzee Tluway, aliyekuwa fundi wake jeshini, akiiosha kwa sabuni.

"Shikamoo mzee. Siku hizi takataka nazo zinaogeshwa?"

"Marahaba, Mama Upendo. Makala yako nimeisoma. Kila rubani niliyempandisha humu alirudi kwa mkewe. Haiondoki na matope. Haya, nishikie ndoo."

Nikaishika. Tulipomaliza, ikakatwa, na mpaka leo nasema ilistahili kukatwa.

Wazee hao usibishane nao, mama. Waulize kama kuna ndoo ya kushika.

Bibi yako mbishi,
Babati