Mwisho Uliombadilishia Mwoka Mikate

Auma rafiki yangu,

Wamekuzika Jumamosi, huko kwenu Ahero. Sikuja. Madam alisema hakuna ruhusa, basi nikafungulia maji bafuni, nikalia huku nasugua sakafu. Hapa Riyadh hata kilio kinataka kazi ya kukifunika.

Kwanza nikupe habari ya ile filamu. Unakumbuka ulivyokuwa ukinipigia mchana kutoka Jeddah, unapiga pasi huku babu wa nyumba uliyokuwa ukifanya kazi akitazama filamu zake za Wamarekani za wakati wa vita, zile zisizo na rangi? Kila mara Wajerumani wameuteka mji wa watu, na wenyeji wanawapinga kichinichini. Babu akisinzia, unaanza kunitafsiria kama kaka yako kwenye kibanda chake cha video: "Sasa hapa Wajerumani wameingia, buti kwa buti! Mama Njoki anaficha bunduki chini ya unga. Huyu ni mama wa Nyeri, usicheze na yeye!" Mwoka mikate wa Ufaransa ukamfanya mtu wa Nyeri. Kamanda ukampa jina la ajenti wetu, yule aliyetuleta huku kazini. Nilicheka mpaka madam akaniuliza kama nina malaria.

Wajerumani wakamkamata Mama Njoki awataje waliolipua daraja, akakataa. Nikakuuliza, wamemuua? "Wee! Steringi hafi. Amepitia mlango wa nyuma, saa hii ako milimani na mbuzi wake." Siku zile nilikuwa nimefiwa na baba, chakula hakipiti. Siku hiyo nilikula.

Ijumaa iliyopita nilikuwa napiga pasi sebuleni, ile filamu ikaja. Nikamjua yule mama kwa unga wake. Auma, walimpiga risasi mbele ya duka lake. Hakuna mlango wa nyuma. Hakuna mbuzi. Nikaunguza kanzu ya bosi, madam akapiga kelele, "Majnuna!", nami nimesimama tu na pasi mkononi, nalia, nakutukana, nakupenda. Muongo mkubwa wewe.

Sasa shida yangu ni mama yako. Anataka kujua ulikufaje. Ajenti amemwambia ulilala, hukuamka. Kisha akanipigia na mimi: "Sema hivyo hivyo, halas. Huyo mama ni mzee, na wewe bado uko chini ya bosi wako, kafili." Nilitaka kumtukana, lakini nikawaza, kwani Auma hakunidanganya nikapata kula? Kidogo tu niseme hivyo hivyo.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nawe kwenye simu siku ile. Ulisema kifua kinabana tangu juzi, umemwomba madam wako akupeleke hospitali, akasema baadaye, ukamwomba tena. Ukaniambia nisikate. Sikukata. Nilisikia sahani ikianguka. Nikakuita, nikakuita. Hukuniitikia mimi. Ulisema, "Mama." Mara moja tu, kama mtoto anayeingia nyumbani akakuta hakuna mtu. Halafu pumzi. Halafu hata hiyo sikuisikia tena.

Ule uongo wako wa mbuzi haukumnyang'anya mtu kitu. Mama Njoki hakuwa na mzazi anayemsubiri akiwa na simu mapajani. Wewe unaye. Nikimwambia ulilala, nitakuwa nimekula kitu chake, kitu pekee ulichomwachia siku ile.

Naogopa, sikufichi. Ajenti akinichongea kwa bosi, sijui nitalala wapi. Lakini kesho madam anakwenda kwa dada yake, na nyumba itabaki na mimi na watoto. Nitampigia mama yako. Nitamwomba akae chini kwanza. Nitamwambia uliomba hospitali, ukaomba tena, wakakunyima. Atalia, nami nitasubiri mpaka aweze kusikia.

Lala salama, dada yangu. Nakuahidi hili: nitamwambia kwamba ulimwita.

Wako,
Nekesa