Kikombe cha Kila Asubuhi

Kwako Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na huo mgongo umepunguza hasira. Sisi huku tunapumua. Kifurushi chako kimefika. Nitakuja kwenye hilo.

Kwanza mbuzi, maana ulicheka nilipouacha mji nikatangaza ufugaji. Sasa wako kumi na mmoja. Madume nawanenepesha kwa ajili ya nyama, na mchinjaji hunipigia hodi mwenyewe. Akijaribu kunipunja namwambia nimekula miaka tisa ya mji, ujanja wake ni wa chekechea. Mkubwa wao ni Mheshimiwa, jike jeupe lenye ndevu na maringo kama yangu, lita tatu za maziwa kwa siku.

Mheshimiwa alitupa mimba. Bwana mifugo alikuja, akasema ugonjwa huo huvuka kwa watu, kwa hiyo tuyachemshe maziwa mpaka yafoke, na wifi yako asiyaguse mabichi kabisa, maana naye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilimcheka mbele ya majirani. Nilimwambia cheti chake kimemfundisha woga tu, mimi nimekua kwa maziwa ya moto kutoka kwenye chuchu na mbona sijaota pembe. Watu wakaangua kicheko. Unanijua, nikichekewa sioni mbele.

Kila asubuhi nilimpelekea wifi yako kikombe kitandani, povu likiwa bado juu. Alitaka yachemshwe kwanza. Nikamwambia atamnyima mtoto nguvu. Alikunywa kunifurahisha.

Wiki ya sita ikaja homa, jasho, viungo vikamuuma kama aliyepigwa. Hospitalini tukampoteza mtoto. Alikuwa wa kike, Dada. Alienea kwenye viganja vyangu viwili, na kucha alikuwa nazo.

Daktari aliniita koridoni, akaniambia damu imeonyesha ni ugonjwa wa mbuzi. Akaandika vidonge vya wiki sita. Nilimwambia mke wangu ni vya kuongeza damu.

Sasa sikia nisiloweza kumwambia mtu mwingine. Wifi yako anaamini kosa ni lake, kwamba ni ule mzigo wa majani ya mbuzi alioubeba peke yake siku nilipochelewa. Anautaja mzigo huo kila siku. Jana alipiga magoti jikoni akaniomba msamaha.

Nami nikamsamehe.

Kile kisweta cha mtoto ulichofuma, kilichokuja kwenye kifurushi, nimekificha bandani, chini ya gunia la pumba. Mheshimiwa hayupo tena. Bwana mifugo alimuua, akasimamia nikamfukia bila kumchuna, na ndevu zake. Nilidhani nitapata nafuu. Njoo, Dada. Usije kunitetea, njoo umshike mkono nitakapomwambia, maana baada ya hapo mkono wangu hatautaka.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wabusu mmoja mmoja, yule mdogo mara mbili.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwita Mjuaji tangu utotoni.