Nimemlisha kobe wa shule kwa kitabu cha Marekani

Mama Faustina mpendwa,

Naomba msaada wa safu yako, na naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Tekla anayelala kitanda cha juu yangu: kobe wa shule yetu anaumwa, na aliyemuumiza ni mimi, kwa kusoma.

Niko kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa Iringa, si mwongeaji, mapumziko utanikuta maktaba, na klabu ya mazingira ilinipa kazi ya kumtunza kobe kwa kuwa ni kazi isiyohitaji kuongea na mtu. Anaitwa Taaluma, kidato cha nne walimpa jina hilo wakisema ni ofisi ya taaluma tu inayokwenda polepole kama yeye. Miaka yote alijilia nyasi nyuma ya bweni bila kuhangaikiwa na mtu, hadi nilipokuta maktaba kitabu cha msaada kutoka Marekani, chenye picha za rangi, kinachoeleza mlo kamili wa kobe wa kufugwa, na kinasema nusu ya chakula iwe minyoo, konokono na mayai, nusu mboga na matunda, juu yake unyunyize unga wa kalsiamu, nami nikaona aibu kwamba tumemnyima Taaluma haki yake, basi badala ya minyoo nikampa dagaa, mayai nikaomba jikoni, matunda yakawa parachichi kwa kuwa huku yanaoza chini ya miti, na unga wa kalsiamu nikasaga chaki.

Mzee Kalinga, mlinzi wetu wa getini, ambaye kwao ni Idodi, alinikuta bombani nikiosha dagaa wa kobe akasema, "Mjukuu, huyo ni wa nyasi. Mimi nimechunga mbuzi za baba, kobe nimewaona wengi porini, sijaona hata mmoja anavua dagaa." Nikamsomea ukurasa mzima kwa Kiingereza, nikijua hajui Kiingereza, mbele ya wasichana waliokuwa wanachota maji. Wakacheka. Yeye akasema tu, "Haya, daktari," akarudi getini.

Kisha nikaandika ripoti ya mlo mpya wa Taaluma, Mwalimu Isakwisa wa Baiolojia akaibandika kwenye ubao wa matangazo na kusema nitaisoma siku ya mahafali mbele ya wazazi, na mama yangu atakuja kutoka Rujewa, na tangu nianze shule sijawahi kusifiwa kwa sauti.

Sasa Taaluma anaharisha, macho yamevimba, miguu ya nyuma anaiburuta, na leo ni siku ya nne hajala. Nimerudi kwenye kitabu nikasoma dibaji niliyoiruka. Kinamhusu kobe wa misitu ya Marekani, anayejifungia ndani ya gamba kama sanduku. Taaluma hajawahi kujifungia. Mahafali ni wiki tatu zijazo. Nikisema ukweli, ripoti inakufa. Nikinyamaza, kobe anakufa. Je, nijifanye naumwa siku hiyo?

Mwenye aibu, Iringa

*

Binti yangu mwenye aibu,

Usijifanye mgonjwa. Shule yenu ina mgonjwa mmoja tayari, anatosha.

Kitabu hakikukudanganya. Kilisema kweli kuhusu kobe mwingine. Ulichofanya ni sawa na kusoma habari za mbwa kisha ukamwekea mbuzi mifupa, kwa kuwa wote wana miguu minne. Nakuelewa, maana nami niliwahi kuwa msichana wa maktaba, ila dibaji nilikuwa nasoma.

Leo hii acha dagaa, mayai na parachichi. Chaki rudisha darasani, kuna watu wanaisubiri. Mwekee maji safi kwenye sahani pana anayoweza kuingia mwenyewe, na mahali penye jua na kivuli. Kisha mwambie mwalimu wako aite daktari wa mifugo. Usimpe dawa yoyote wewe, maana nakuona kabisa ukitafuta kitabu cha dawa. Akipona, mlo wake kamili ni nyasi, magugu na majani ya aina mbalimbali yasiyopuliziwa dawa. Na kobe ni mnyamapori: mkuu wa shule awaulize watu wa maliasili kuhusu kibali cha kukaa naye.

Mzee Kalinga ulimnyamazisha kwa lugha asiyoijua, na ulijua unachofanya. Hilo linaniudhi kuliko dagaa. Mwombe radhi pale pale bombani, wasichana wakiwepo, kwa Kiswahili.

Ripoti yako haijafa. Imekosa mwisho tu. Uandike.

*

Mama Faustina,

Jibu lako nililisoma Alhamisi gazeti lilipofika maktaba. Nilikwenda kwa Mwalimu Isakwisa nikamweleza yote. Akauliza, "Chaki kiasi gani?" Nikasema boksi moja na nusu. Akapiga simu. Daktari wa mifugo alimlaza Taaluma kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akamchoma sindano, na hakuahidi kitu.

Jioni, wasichana wakichota maji, nilimwomba Mzee Kalinga aje bombani. Nilimsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, Babu. Ulikuwa sahihi, nami nilikusomea Kiingereza ili unyamaze. Nisamehe."

Akaniangalia. "Kwani hicho kitabu kinasemaje kuhusu walinzi?"

"Hakisemi kitu."

"Basi hakijakamilika," akasema, na wasichana wakacheka, safari hii pamoja naye. Kesho yake alinionyesha majani ambayo kobe hula, nikayaandika. Siku ya tisa tangu sindano Taaluma alikula. Mguu mmoja bado anauburuta. Mkuu wa shule ameandika barua maliasili, na huenda wakamchukua.

Siku ya mahafali nilisimama mbele ya wazazi nikasoma ripoti yote, dagaa, mayai, parachichi na chaki, kisha ukurasa mpya wa jinsi nilivyokosea na nani aliniambia mapema nikamkatalia. Shedrack wa darasa letu aliita, "Dokta Dagaa!" na ukumbi mzima ukacheka, hata mama. Nilisubiri wamalize. Nikasoma majani ya Mzee Kalinga, moja moja, hadi la mwisho, nikarudi kukaa.