Sanduku la Juu

Jumamosi, 5 Novemba 1994

Nimefungua mzinga saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepoa. Koti la mvua, viatu vya mpira, kipande cha chandarua kichwani. Watoto wa jirani wamenicheka kama kawaida. Waache wacheke.

Fremu kumi. Nane zimejaa kabisa. Mbili za pembeni zina sega jipya, jeupe. Majana, watoto wa nyuki, katikati, asali kwenye kona. Malkia hana tena pa kutagia. Mvua imenyesha siku kumi, migunga imechanua, na mathenge nayo, miti ya kuja ambayo haina haya, imechanua zaidi. Nyuki wanarudi wamebeba chavua mpaka wanaanguka mlangoni.

Wasipopewa nafasi watagawanyika, nusu waende zao. Au wahame wote. Nyuki wa huku hawabembelezwi.

Hooyo, mama yangu, alisimama mbali, mkono kidevuni. Nilipofunga akauliza kama wote wapo. Kana kwamba nawahesabu.

Ukame wa mwaka juzi ulimaliza ng'ombe wake kumi na tisa. Alikuja kwangu hapa Masalani na kifurushi cha nguo na chombo chake cha maziwa, kile cha kusukwa kwa mizizi. Mwaka mzima alitazama ukuta. Kila ng'ombe alikuwa na jina. Tangu hapo hajataja hata moja. Mzinga niliuleta ili apate cha kuchunga. Alidharau: mifugo gani hii, ukiiita haiitiki? Sasa kila asubuhi akishaswali anakwenda kukaa karibu nao. Anakula. Anagombana na majirani. Nyuki hawa wakiondoka, sijui nitamrudisha na nini.

Jumatatu, 7 Novemba

Shuleni nimemweleza Komora. Ni mwalimu mwenzangu, Mpokomo wa ng'ambo ya mto, na ndiye aliyenifundisha nyuki. Amesema niongeze sanduku la pili juu ya la kwanza, wiki hii, nisingoje. Nimempa kazi Salim seremala. Kaahidi Alhamisi. Ahadi ya seremala naijua.

Alhamisi, 10 Novemba

Ajabu. Salim ametimiza. Sanduku zuri, pembe zimekaa sawa, fremu zinaingia bila kulazimishwa. Nilikuwa na madaftari ya darasa la saba ya kusahihisha. Hooyo akasema nimwachie alisafishe, chombo kipya hakitumiwi hivi hivi. Nikamwachia. Alikuwa akiimba kidogo. Nilisahihisha vibaya kwa kumsikiliza.

Ijumaa, 11 Novemba

Tumeliweka. Moshi kidogo mlangoni, kifuniko nje, sanduku juu, kifuniko tena. Nimedungwa mara mbili tu, kifundoni. Hooyo aliomba dua. Nimefurahi kupita kiasi, najijua.

Ijumaa, 18 Novemba

Wiki nzima. Nimefungua. Juu hakuna nyuki hata mmoja. Hakuna hata chembe ya nta. Fremu ni safi kama zilivyotoka kwa fundi.

Chini wamesongamana vibaya. Jioni wengine wanalala nje, wamening'inia mlangoni kwa fungu. Nafasi wanayo juu ya vichwa vyao na hawaitaki. Nimekasirika. Kukasirikia wadudu ni upumbavu, lakini nimekasirika.

Hooyo alizitazama fremu, akaingia ndani. Usiku hakula.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimetazama masega ya chini. Vikombe vya malkia, vya kulelea malkia wapya, vinaning'inia mfano wa njugu kwenye maganda. Saba. Wanajiandaa kuondoka. Nimevikata vyote kwa kisu. Komora aliniambia zamani: hiyo inawachelewesha siku chache, haiwabadilishi nia.

Kisha nikaenda kwa Salim na kumfokea mbele ya wateja. Nilisema amelipaka dawa ya mbao. "Mwalimu, wallahi, dawa hakuna," alisema. "Nilipiga randa tu." Sikumwamini. Nilihitaji mtu wa kulaumu na yeye alikuwa karibu.

Jumapili, 20 Novemba

Komora amevuka mto kwa mtumbwi kuja kuona. Alifunua kifuniko, akainamisha kichwa, akarudi nyuma. Aliuliza nani amechoma kitu humu ndani.

Mimi sikusikia harufu yoyote. Nikainama tena. Ndipo nikaitambua. Moshi. Moshi wa vijinga vya ule mti ambao Hooyo hufukizia chombo cha maziwa. Alisafisha sanduku kama alivyosafisha vyombo maisha yake yote: vijinga ndani, funika, tikisa, fungua, rudia. Kwetu chombo kisichofukizwa ni kichafu, hata ukikiosha mara kumi. Nimekulia kwenye harufu hiyo. Kwangu si harufu. Ndivyo usafi unavyonukia.

Kwa nyuki ni moto. Nani atahamia kwenye nyumba inayoungua?

Tumelishusha na kulianika. Hooyo akauliza kwa nini. Nikamwambia ni dawa ya Salim. Komora alinitazama, akaligeuza sanduku upande wa jua. Uongo ule ulinitoka upesi mno. Akilini niliona ukuta ule na yeye akiutazama tena.

Jumatatu, 21 Novemba

Nilisimamia mtihani mpaka saa nane. Nimerudi, Hooyo hayupo. Nikaogopa.

Alikuwa amekwenda kwa Salim. Kumgombeza, akitetea nyuki wake. Salim akamwapia kwa Mungu, akampa kipande cha ubao uleule anuse. Hooyo alinusa ubao. Akarudi nyumbani akanusa sanduku. Halafu akakaa chini kando yake. Ndivyo nilivyomkuta.

"Hooyo," aliniita, kama mama zetu wanavyotuita watoto wao, kwa jina lao wenyewe. "Ni mimi. Na wewe ulijua."

Niliona aibu, na bado naiona. Nilimficha kosa lake kana kwamba ni mtoto. Mtu aliyezika ng'ombe kumi na tisa haogopi kuambiwa kakosea.

Nilidhani ataingia ndani alale. Hakuingia. Aliniuliza swali la mifugo: ng'ombe aliyefiwa na ndama hupewaje yatima? Jibu najua, kila mtoto wa kwetu analijua. Unamvisha yatima ngozi ya ndama aliyekufa. Mama ananusa, anakubali, anashusha maziwa.

Basi, akasema, livishe sanduku harufu yao.

Jumanne, 22 Novemba

Komora amekuja tena. Nimemweleza habari ya ngozi ya ndama. Akacheka, akasema kwao pia mzinga mpya hupakwa nta, ila hawajawahi kumhusisha ng'ombe.

Tumefanya hivi. Sanduku limekaa juani siku mbili, tumelikwangua ndani kwa msasa. Hooyo amekwangua gundi ya nyuki kwenye kifuniko cha zamani, akaichanganya na nta ya masega makuukuu, akapaka kila ubao kwa viganja vyake. Jioni tumetoa fremu moja ya majana chini, tukaipandisha juu, katikati. Pengo la chini tumelijaza fremu mpya. Wasipopanda kwa ajili ya nafasi, watapanda kwa ajili ya watoto.

Hooyo alisimama karibu safari hii, shuka usoni. Amedungwa mkononi. Akautoa mwiba kwa ukucha.

Nimepita kwa Salim kumwomba radhi. Mbele ya wateja, kama nilivyomfokea. Amenisamehe, ila kwanza kaningojesha makusudi. Haki yake.

Jumapili, 27 Novemba

Wamepanda.

Fremu nne juu zimefunikwa na nyuki, sega jipya limefika upana wa kiganja. Mlangoni hakuna anayelala nje. Chini, vikombe vya malkia, hakuna. Nimetazama mara mbili.

Nimelia ndani ya chandarua. Haifai, huwezi kupangusa macho.

Jumamosi, 7 Januari 1995

Mvua imekwisha, vumbi limerudi. Tumetoa fremu mbili tu za sanduku la juu, zilizozibwa vizuri kwa nta. Zilizobaki ni akiba yao ya kiangazi. Hooyo ndiye aliyeamua. Anasema hukamui ng'ombe mpaka ndama alie kwa njaa.

Nilitafuta chupa. Yeye akaleta chombo chake cha maziwa. Tangu ukame sijakiona kikifunguliwa. Alikuwa amekifukiza asubuhi, nikiwa sokoni.

Alikamulia asali humo taratibu. Akasema kilikuwa chombo cha Adey. Adey, yule mweupe, aliyekuwa akikataa kukamuliwa na mtu mwingine. Alilitaja jina mara mbili. Kisha akafunga chombo.

Nimetia asali kwenye chai. Ilikuwa na ladha ya moshi. Nikamtilia na yeye kikombeni mwake.