Bushi za Mti kwa Mkokoteni wa Mama

Uyole, Mbeya

Kwako Baba,

Kamwene. Nakuamkia kwa kalamu kwa kuwa hapa karakana hakuna wa kuniitikia salamu hiyo. Miguu ya Mama inaendeleaje? Bado mnambeba kwa machela hadi zahanati? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku na upweke vimeniandama pamoja.

Barua yako niliisoma nimekalia gurudumu. Ulipoandika "mkokoteni wa kumpeleka Mama zahanati uwe na belingi", nilicheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka. Fundi mkuu wetu, mtu wa Tanga, hunicheka kila nikitamka hivyo badala ya "beringi". Sasa hakuna anayeniita Lameki. Ni "Belingi, lete nyundo! Belingi, funga geti!" Basi katika neno hilo niliisikia sauti yako kabisa, Baba.

Nilizifunga kweli hizo beringi kwenye ekseli, za chuma, kutoka lori bovu. Gurudumu ukiligusa kwa kidole linazunguka mpaka unasahau. Lakini nakiri, sikuzifunga kwa uzuri wake tu. Beringi ikifa, hapo kwetu Nyololo hakuna wa kuing'oa. Mngelazimika kuniita. Krismasi mbili nimekula peke yangu nikisikiliza kwaya kwenye redio ya jirani. Nilitaka nihitajiwe.

Juma lililopita akaja mzee mmoja mfugaji, Msukuma aliyehamia Usangu. Mkokoteni wake tuliufunga beringi sisi wenyewe. Akazibwaga mezani, zimejaa tope, zimesagika.

"Fundi, hii kitu yenu imenikwamia katikati ya mbuga! Mke wangu mgonjwa, tumembeba mgongoni mpaka jua linazama."

"Pole, mzee. Tutakupa nyingine," fundi mkuu akasema.

"Nyingine ya nini? Nipe ya mti. Mti nachonga mwenyewe."

Nikamuuliza mkewe anaendeleaje.

"Amepona. Ila mkokoteni hataki hata kuuona."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa namwona Mama kwenye tope lile. Siku hiyohiyo nikang'oa beringi zako, nikachonga bushi za mti mgumu, pete za kukaa mahali pa beringi, nikazichemsha kwenye oili chafu mpaka zikashiba. Ng'ombe watavuta kwa nguvu kidogo zaidi, na zikikauka zitalia, zitie mafuta. Zikilika, wewe uliyechonga mipini ya majembe ya kijiji kizima utachonga nyingine kabla chai haijapoa. Nimeweka moja ya ziada uitumie kama kipimo. Dereva wa lori atakushushia mkokoteni njia panda Jumamosi.

Iliniuma kuzing'oa beringi zile, sitakuficha. Mkokoteni huo sasa hauna haja na mimi hata kidogo.

Lakini niite, Baba. Gurudumu likiwa zima, ng'ombe wakiwa wazima, Mama akiwa anacheka, niite tu hivyohivyo.

Msalimie sana Mama, na dada anayemuuguza. Mwambie najua ni yeye asiyelala vizuri. Mjomba mwalimu wa kwaya mwambie sauti ya besi ninayo bado, ingawa huku naimbia misumari.

Na ukijibu, jina langu liandike kwa herufi kubwa juu ya bahasha, walione hapa karakana.

Ni mimi mwanao,
LAMEKI