Vitabu Vilivyopasuliwa Kuanzia Nyuma

Butembo, mwezi wa tisa 2001

Yaya wangu Falonne, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana katika upendo wa Bwana, wewe na batoto na batu bote ba pale Beni. Mugongo wako umepona? Sisi huku tuko. Mutoto wangu Timothée ameota meno na ananiuma nayo. Njia ikiwa nzuri, Edmond wa kanisa letu atakufikishia barua hii na maharagi kidogo.

Uliuliza ninashinda nikifanya nini tangu bwana wangu Gracien alipokwama kule kwenye carrière, machimbo ya dhahabu, bila habari. Yaya, ninasoma! Usicheke. Mama mukwe Jokébed alinunua mufuko wa vitabu vya shule moja ya upande wa Lubero, ile basoda ba vita balilala ndani. Kwake ni karatasi ya kufungia karanga, basi. Na anavipasulaka kuanzia nyuma, juu karatasi za nyuma zinatoka upesi. Donc kila kitabu kina mwanzo, mwisho umekwenda sokoni.

Nilinyonyesha mutoto huku nasoma, nakimbizana na mukono wa Jokébed unaopasua. Kitabu cha kufuga sungura kilikatika pale sungura anaanza kuugua. Kitabu kingine kinasema jua ni nyota. Nilipomuambia Jokébed, alijibu hata kama, nisiache mutoto aungue nalo. Mashairi, hayo hata bila mwisho hayanisumbui. Kifaransa kilinitesa, unajua niliachia darasa la tano, mais polepole kimefunguka.

Bamama ba jirani bakija kuchambua karanga, nabasomea kwa Kiswahili chetu. Siku ya kitabu cha polisi banaotafuta muuaji, tulipofika pale jina lake linatajwa, hapana karatasi! Mama Emérence akapiga makelele kwamba Jokébed amemuuza muuaji pamoja na karanga. Tulicheka mpaka machozi. Jokébed hakucheka. Alisema karatasi ni karatasi, na roman ya mapendo, hadisi moja tuliyoianza, ikiisha tu, atapasua vyote vinavyobaki.

Roman ile ni ya binti anayengojea bwana wake, vita imefunga njia. Nikiisoma, Jokébed alisahau hata karanga mukononi mwake. Siku ya kumaliza alikaa karibu yangu kabisa. Nikasoma mutu yule anafika, amekonda, na mama yake anamujua kwa kikohozi tu, hata mulango haujafunguliwa. Bamama bakapiga vigelegele. Jokébed akalia.

Sasa, yaya, nikuambie wewe peke yako: maneno hayo hayakuwa katika kitabu. Kitabu kilikatika pale binti anafunga dirisha. Mutu yule, ni mimi nilimurudisha nyumbani. Macho yangu yalikuwa kwenye ganda la kitabu, tupu, mudomo unaendelea.

Bamama balipokwenda, Jokébed akaniambia polepole kwamba alijua, juu mwisho ule yeye mwenyewe alifungia karanga za muke wa pasta. Halafu akakusanya vitabu vyote, akavipanga ndani ya malle yake, sanduku la vitenge, akasema atatafuta mifuko ya simenti ya kufungia. Na mimi ameniamuru nimalizie vile vingine vyote, nianze na muuaji, juu Emérence hapati usingizi.

Muuaji nimeshamuchagua, yaya. Ni muandishi wa hati, notaire.

Nibusie batoto bote, na mama yetu pale Beni bamutunze vizuri. Mungu abaki nanyi.

Ni mudogo wako anayekupenda,
Agar