Mashine Imo Ndani ya Boksi Hili

Mume wangu,

Una wazimu. Naanza na hilo usije ukasema bibi alizungukazunguka. Mjukuu mzima, mwenye mke na ndevu, unamtukana rafiki yako mbele ya watu, unapanda gari bila hata begi, unahamia kwa dada yako kama mwali aliyegombana na mama mkwe, na kitu pekee kinachokulinda roho unakiacha chini ya kitanda kimeviringishwa kwenye shuka chafu. Simu yangu hupokei. Basi soma. Barua huwezi kuikata.

Sasa salamu, maana barua isiyo na salamu ni notisi ya kuhama. Hujambo? Dada yako na mumewe hawajambo? Na yule mtoto wao anayekula sabuni? Mimi ni mzima kwa kiasi changu. Magoti yananisumbua nikikanyaga cherehani kwa muda mrefu, macho yanadai miwani mingine, mdomo haujambo kama unavyoona. Mke mwenzangu anakusalimu, lakini kwa shingo upande. Anakula kidogo, na anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Zaidi ya hapo sisemi, hayo ni yenu wawili.

Unayoyasimulia huko ninayo yote, dada yako kanipigia. Eti umetolewa kwenye basi la shule ukapewa ndoo na brashi uoshe magari, kwa sababu fundi wa gereji ya shule amekuchongea. Eti anakitaka kiti chako. Eti alikuonya kwamba ukiendelea kuendesha na usingizi huo atakwenda kukusema, na haikupita wiki ukasemwa kweli. Ndipo ukamfuata alikolala chini ya gari akifungua nati, ukamvuta miguu kama gunia, ukamwita nyoka mbele ya wapishi na walinzi. Mtu aliyekusimamia harusi, akakuazima na viatu. Ngoja, huyo nitamrudia.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka, maana naona umesahau. Nyumba hii imekoroma tangu nilipoolewa. Babu yako alikuwa akikoroma hadi vifuniko vya sufuria vinaitikia jikoni, na mimi nilijisifu. Niliwaambia majirani mlinzi ninaye, tena hadai mshahara. Wewe ulipoanza, bado hata sauti haijakomaa, tukacheka, tukasema huyu ndiye babu yake mtupu. Mwanamume wa ukoo huu asiyekoroma tulimwona kama hajashiba. Tulijivunia ugonjwa kama wenzetu wanavyojivunia kiwanja. Babu yako naye alijilaza kitini mchana mmoja, akakoroma, akanyamaza, na sisi tukawa tunapita kwa kunyata, tunawakanya watoto wasipige kelele, tusije tukamwamsha. Jioni ndipo tukajua.

Aliyeshtuka ni mke mwenzangu, kwa sababu yeye hakuzaliwa humu. Alikuja chumbani kwangu na mto wake kwapani, akaniambia kwamba shida yake si kelele, shida yake ni ukimya. Unakoroma, halafu unakata, kifua kinahangaika na pumzi haitoki wala haiingii, naye anakaa ameziba pumzi yake mwenyewe akikungojea, mpaka ushtuke kama mtu aliyetolewa majini. Nikamwambia aache ugeni, atazoea. Hakuzoea. Alikukokota hospitali kwa ukosi wa shati, na kwa hilo mpaka leo namheshimu.

Wewe ulilala kule umebandikwa nyaya kichwani kama redio iliyofunguliwa, kwa hiyo hukusikia yote niliyoambiwa mimi. Daktari alianza na maneno yake ya kitabuni, nikamwambia mimi ni mshonaji wa sare, nimesoma madarasa ya kuhesabika, aseme kama mtu. Akasema ukilala, nyama za nyuma ya koo zinalegea, zinagusana, njia ya hewa inafunga. Ubongo unaona hakuna hewa, unakuamsha kidogo tu, hata hujui, unavuta pumzi, unalala, koo linafunga tena. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Unaamka umechoka kama aliyekesha akibeba matofali, kichwa kinauma, presha inapanda, moyo unafanya kazi ya watu wawili. Nikamuuliza, kwa hiyo koo lake ni kama mkono wa shati ambalo halijavaliwa? Akasema ndiyo, mama. Na hiyo mashine unayotaka alale nayo ni hewa inayoingia ndani ya mkono wa shati ukasimama? Akasema ndiyo hiyo hasa. Haikupumulii, unapumua mwenyewe. Hewa inashikilia njia tu isianguke. Wala haiponyi ukaiacha, iko kama miwani yangu. Nikiivua sioni.

Basi mashine ikaja, na ule mpira wake mrefu na kitangi chake cha maji, na barakoa ya kukaa puani. Siku ya kwanza ulisema unaonekana kama tembo aliyeugua, mke mwenzangu akacheka, na wewe ukanuna kutwa. Halafu hewa ikawa inavuja pembeni, inakupuliza machoni. Hapo na mimi nikajitia ufundi wangu. Nilichukua ule mkanda unaoshikilia barakoa kichwani nikaupunguza kwa cherehani, mshono wa kurudia, kwa sababu kwangu kitu kinacholegea dawa yake ni kukaza. Ikazidi kuvuja, na pua ikachubuka. Muuguzi wa kliniki alipouona ule mshono aliuliza ni fundi gani huyu, nikasema ni mimi, na ningemaliza vizuri zaidi kama wangenipa uzi wa rangi hiyo. Akanieleza kwamba barakoa ukiikaza inajikunja, na inapojikunja ndipo inapovuja. Inatakiwa ikae usoni kama kola, iguse bila kukaba. Sikupenda kufundishwa kola na mtoto mdogo, lakini nilirudi nyumbani nikafumua.

Na ikafanya kazi. Usijifanye hukumbuki. Mke mwenzangu alirudi na mto wake chumbani kwenu. Ukaacha kusinzia na kijiko mdomoni. Ukarekebisha mlango wa choo uliokuwa umeninyanyasa tangu mvua zile. Asubuhi ukawa unaimba, vibaya, lakini unaimba. Nikasema mume wangu karudi.

Halafu akaja yule mjomba wa mkeo kukaa kwetu, mwanamume mzima asiye na kazi ila kutafuta pa kuegemea. Akaiona mashine. Mezani, mbele ya watu wote, akauliza kama siku hizi wanaume wanalala na bomba badala ya mke. Watu wakacheka, na wewe ukacheka nao. Nilikuona ulivyocheka. Usiku huohuo mashine ikaingia chini ya kitanda. Mjomba alishaondoka zamani, amekwenda kuegemea kwingine, na mashine haikutoka. Kicheko cha mtu ambaye hata nauli ya kurudi kwao alikuwa hana, ndicho ulichokiweka kooni badala ya hewa.

Mke mwenzangu alikusihi, ukamwambia hujisikii vibaya. Fundi alikukuta umelala kwenye usukani uani, injini inanguruma, akakuonya, ukamwambia ulikuwa unapumzisha macho. Kila mtu ulimjibu vivyo hivyo. Aliyelala hajioni, na anayemwambia anamwona mchawi. Mpaka leo unamuuliza dada yako, nani aliniona? Alete ushahidi.

Ushahidi ninao mimi.

Unaikumbuka asubuhi niliyopanda basi lako na furushi la masweta ya darasa la kwanza? Ulinishikia mkono nikapanda, ukanitania mbele ya watoto kwamba leo mmebeba mke wa dereva. Nikakaa siti ya nyuma nikiendelea kushona vifungo. Tulipofika kwenye zile taa za njia panda, gari likasimama. Taa ikawaka kijani. Hatukwenda. Nikainua kichwa, nikaona kwenye kioo chako kidevu kimegusa kifua. Nilitaka kupiga kelele, lakini watoto walinitangulia, wakaanza kuhesabu. Kwa sauti ya chini, wote pamoja, wamezoea. Nikamuuliza binti aliyekaa karibu nami, mwenye mapengo mawili, wanafanya nini. Akaniambia ni mchezo wao. Kila mmoja anachagua namba, na dereva akiamka kwenye namba yako umeshinda.

Nikainuka nije kwako. Yule binti akanivuta sketi, akaninong'oneza:

"Bibi, usimwamshe, mimi bado sijafikiwa."

Mume wangu, nimezaa, nimezika, sijawahi kusikia neno kama lile. Matroni wa basi akanyoosha mwavuli wake, akakugusa begani bila hata kugeuka, kama anayebonyeza swichi. Ukashtuka, ukatia gia, ukasema taa za mji huu zinachelewa. Hukujua umelala. Mpaka leo nadhani hujui, na matroni unadhani alikuwa anakusaidia kutazama taa. Tulifika salama kwa sababu lile lililokupata kwenye taa halikukupata kwenye mteremko.

Nilishusha masweta yangu, nikahesabiwa pesa zangu, nikashukuru. Kisha sikutoka getini. Nilikwenda ofisi ya msimamizi wa magari, nikakaa bila kukaribishwa. Nikamwambia, "Dereva wa basi la asubuhi ni mgonjwa na hataki tiba. Mtoe kwenye usukani leo hii, kabla hajawarudisha watoto nyumbani."

Akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema mimi ni mke wake. Karani akaacha kuandika. Nikasema haya, mimi ni bibi yake, nimemlea toka anatambaa, andika upesi.

Ni mimi. Fundi hakukusema. Fundi alikutisha tu kwa mapenzi, moyo wake laini, asingeweza. Mimi niliweza. Na usitazamie nikuombe radhi, kwa sababu leo ukinirudisha kwenye siti ile nitashuka niende ofisi ileile. Nilinyata mara moja katika nyumba hii nisimwamshe mtu. Sinyati tena.

Msimamizi hakukutajia jina, alisema si utaratibu wao. Nilikuwa nakusubiri jioni ile nikuambie usoni, hata chai nilishachemsha. Hukufika. Ulishamvuta fundi miguu, ukaenda stendi. Kama ungekuja kwanza kwa bibi yako, matusi yangenifikia mimi mwenye haki nayo.

Sasa usikie na la upande wa pili, maana sikwenda pale kukuvunja mguu. Nilimuuliza yule msimamizi utarudi lini. Akasema kazi yako haijapewa mtu. Daktari akiandika kwamba unatumia mashine kila usiku na usingizi wa mchana umekwisha, utarudi kwenye usukani wako. Na daktari hadanganyiki kwa maneno matamu, mashine yenyewe inaweka kumbukumbu ya saa ulizoivaa, wanaisoma kule kliniki. Kwa hiyo hata ukiivaa kwa kununa, inakuhesabia. Nuna tu, ilimradi imekaa puani.

Imo ndani ya boksi hili pamoja na barua. Nimeosha barakoa na mpira kwa sabuni ya kawaida, si ile yako ya manukato, nikavianika kivulini. Kichujio nimebadilisha, muuguzi kanipa kingine. Chupa ya maji yaliyosafishwa nimeifunga kwa sweta ili isipasuke. Sweta hilo ni la mtoto wa dada yako, mpe, na umwambie haliliwi. Kama koo litakauka au pua itaziba, kuna kitufe cha kuongeza joto la maji, na kama bado inakusumbua tutakwenda kwa muuguzi wabadilishe barakoa. Zipo za aina nyingi. Kichwa chako ndicho kimoja.

Msalimie dada yako, mwambie ameficha mkimbizi na nitamdai. Msalimie shemeji yako, na asithubutu kucheka usiku wa leo. Akicheka, unipigie mimi. Mke mwenzangu amesimama hapa nyuma yangu anajifanya anakunja nguo, kumbe anasoma. Anasema nikuandikie kwamba upande wako wa kitanda haujalaliwa. Nimeandika.

Mimi ndimi niliyekusema,
Bibi yako na mke wako mkubwa.

Sasa weka barua chini. Kabla hujala, mpigie fundi, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulimwonea, na aliyekusema ni mimi. Usiku chomeka mashine, jaza maji mpaka kwenye mstari usiupite, lala. Siku ya kliniki nikukute mlangoni na boksi hili mkononi, mchana kweupe, mjomba gani na mjomba gani waone. Na mkanda usikaze.